Ukubwa Si Ugumu: Uchambuzi wa Namba Tasa Kubwa

Sensa ya watu na makazi ya Agosti 2012 ilihesabu katika Mkoa wa Singida watu 1,370,637, na ile ya Agosti 2022 ikahesabu watu 2,008,058. Na ijapokuwa namba hizi zilikusanywa kwa haja ya Serikali, ili ijulikane pa kujenga zahanati, pa kuchimba kisima na madarasa mangapi yaongezwe kuanzia Manyoni hadi Mkalama, mtu mwenye mapenzi ya hesabu hawezi kuzitazama asizifanyie jambo la kwanza ambalo kila mwanahesabu huifanyia namba mpya, nalo ni kuivunja katika vigawo vyake. Ile ya mwaka 2022, ambayo ndiyo kubwa, huvunjika kwa wepesi wa kushangaza: ni 2 mara 13 mara 13 mara 13 mara 457, na mwanafunzi mwenye subira aweza kuimaliza kabla ya kengele ya mapumziko. Ile ya mwaka 2012, ambayo ndiyo ndogo, tarakimu zake zikijumlishwa hutoa 27, kwa hiyo yagawanyika kwa 9 bila ya baki. Walakini ukishaigawanya unabakiwa na 152,293, na hapo mwendo hukatika. Namba hii haigawanyiki kwa 2, wala kwa 3, wala kwa 5, wala kwa 7, na ukiendelea kuijaribu kwa namba tasa zote 77 zilizoko kuanzia 2 hadi 389, hutaona hata moja inayoingia ndani yake sawasawa. Wala hapana haja ya kuvuka hapo, maana kipeuo cha pili cha 152,293 hakifiki 391, na namba yoyote inayogawanyika lazima iwe na kigawo kimoja kisichozidi kipeuo chake cha pili. Basi 152,293 ni namba tasa.

Nimezitanguliza namba hizi mbili kwa muradi maalumu. Zimetoka katika daftari moja la nchi na hazikupishana sana kwa ukubwa, lakini moja imesambaratika kwa mguso wa kwanza, ilhali nyingine imehifadhi ndani yake kitu kisichokubali kuvunjwa, na hapana alama ya nje iliyotangulia kutuambia ipi ni ipi. (Kwamba 13 imejitokeza mara tatu katika hesabu ya Singida ya 2022, na kwamba imo pia katika hesabu ya nchi nzima ya 2012, watu 44,928,923, ambayo ni 13 mara 3,456,071, ni sadfa tupu, wapiga ramli wasijisumbue.) Uchambuzi huu wahusu namba tasa zilizo kubwa kupita kadiri ya mazoea, na hoja yangu ni kwamba ukubwa peke yake haumwambii mtu lolote la maana juu ya namba; kinachotuwezesha kuyakinisha kuwa namba ya mamilioni ya tarakimu ni tasa ni umbo lake, na kinachozipa namba tasa kazi duniani ni ule umbali uliopo baina ya kujua kwamba namba inagawanyika na kuvijua vigawo vyenyewe.

Kwamba namba tasa hazina mwisho ni jambo lililothibitishwa kale mno, tena katika bara letu hili hili, kwa kuwa Euclid alifundisha huko Iskanderia ya Misri yapata miaka 300 kabla ya kuzaliwa Masihi, na Eratosthenes, ambaye njia yake ya kuzichekecha namba kwa kufuta vigawe vya 2, kisha vya 3, kisha vya 5, ingali ikifundishwa, alikuwa msimamizi wa maktaba kuu ya mji huo huo. Burhani ya Euclid ni fupi: chukua namba tasa zote unazozijua, uzizidishe pamoja, uongeze 1, namba utakayoipata, ukiigawanya kwa yoyote kati ya hizo, itabakiza 1, basi ama yenyewe ni tasa, ama ina kigawo tasa ambacho hukuwa nacho. Wengi huikumbuka sehemu ya kwanza ya natija hii na kuisahau ya pili, wakadhani kwamba njia hiyo huzaa namba tasa kila mara. La, haizai. Ukizidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13 utapata 30,030, na ukiongeza 1 utapata 30,031, ambayo ni 59 mara 509. Burhani haikuvunjika, kwani 59 na 509 hazikuwamo katika orodha, lakini anayetafuta namba tasa kubwa kwa njia hii atarudi mikono mitupu mara nyingi.

Hazina mwisho, lakini kadiri mtu anavyosonga mbele ndivyo zinavyoadimika, na kiasi cha kuadimika kwake alikihisi mwanahesabu Gauss tangu ujana wake, ijapokuwa uthibitisho ulingoja hadi mwaka 1896, Jacques Hadamard na Charles de la Vallée Poussin walipoupata kila mmoja kwa njia yake. Karibu na idadi ya watu wa Singida ya mwaka 2012, takriban namba moja katika kila 14 ni tasa. Ukifika kwenye namba za tarakimu 309, ni moja katika kila 711 au karibu na hapo. Ukifika kwenye namba za tarakimu milioni 41, ambako ndiko iliko kubwa kuliko zote tunazozijua leo, ni moja katika kila milioni 94, idadi inayowapita watu wote waliohesabiwa Tanzania mwaka 2022, ambao walikuwa 61,741,120. Kwa hiyo anayeingia katika nyika hiyo bila ya dira hatoki na kitu.

Tena hata akibahatika kuishika, ataitambuaje? Njia ya kugawanya, iliyotufaa kwa 152,293, huchoka mapema kuliko watu wanavyodhani: kompyuta yenye kujaribu vigawo bilioni moja kila sekunde, ikipewa namba ya tarakimu 41 tu na kuamriwa ijaribu kila namba hadi kipeuo cha pili, itahitaji zaidi ya miaka 3,000. Wanazuoni walilijua hilo zamani, wakatafuta alama ya namba tasa isiyohitaji kugawanya. Hasan ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefanya kazi Misri na kufariki yapata mwaka 1040, alijua kwamba ukizidisha namba zote kuanzia 1 hadi ile inayoitangulia namba tasa, kisha ukaongeza 1, jawabu hugawanyika kwa namba tasa hiyo. Mathalan kwa 7, namba 1 hadi 6 zikizidishwa hutoa 720, ukiongeza 1 wapata 721, ambayo ni 7 mara 103. Alama hii haidanganyi hata kidogo, kama mwanahesabu Lagrange alivyothibitisha mwaka 1771, na uzuri wake wa nadharia hauna mfano, lakini kwa amali ni mzigo usiobebeka, kwa sababu haijulikani njia ya mkato ya kuzidisha namba zote hizo.

Fermat, hakimu wa Toulouse huko Ufaransa, alieleza mwaka 1640 alama nyingine iliyo nyepesi zaidi: p ikiwa tasa, basi 2 ikizidishwa kwa yenyewe mara p, kisha ukaondoa 2, jawabu hugawanyika kwa p. Hapa njia ya mkato ipo, maana mtu aweza kuipandisha 2 kwa kujizidisha yenyewe hatua kwa hatua, akibakiza kila mara baki tu. Ila alama hii yaweza kuhadaa: 341, ambayo ni 11 mara 31, hupita mtihani huo kama kwamba ni tasa. Tangu hapo kazi ya karne tatu na zaidi imekuwa ni kuziba nyufa kama hizi, na mwaka 2002 mwalimu Manindra Agrawal na wanafunzi wake Neeraj Kayal na Nitin Saxena, wote wa Kanpur nchini India, walionyesha njia isiyokosea kamwe, isiyotegemea bahati, na ambayo muda wake haukui kupita kiasi kwa namba yoyote ya umbo lolote. Ni ushindi mkubwa wa fikra. Ila kwa majitu ya mamilioni ya tarakimu njia hiyo ni nzito mno, na hapa ndipo umbo linapoingia.

Marin Mersenne, mtawa aliyeishi Paris na kufariki mwaka 1648, alikuwa kiungo cha barua baina ya wanazuoni wa zama zake, na jina lake limebaki kwa namba zinazopatikana kwa kuipandisha 2 kwa kipeo fulani na kuondoa 1: 3, 7, 31, 127, na kuendelea. Kipeo kisipokuwa tasa, namba nayo haiwi tasa. Kipeo kikiwa tasa, yamkini ikawa, yamkini isiwe, kwa kuwa 2¹¹ − 1 ni 2,047, nayo ni 23 mara 89. Angalia vigawo hivyo viwili: kila kimoja, ukikigawanya kwa 22, yaani mara mbili ya kipeo, hubakiza 1. Hiyo ni kanuni isiyovunjika kwa kila kigawo cha namba ya Mersenne yenye kipeo tasa kisicho 2, na ndiyo faida ya kwanza ya umbo, maana inamwondolea mtafutaji sehemu kubwa ya vigawo vya kujaribu kabla hajaanza. Na hiyo 89, niseme kwa kupita, wakulima wa Singida huishika mikononi kila mavuno bila ya kuambiwa: mistari iliyojipinda ya mbegu katika kichwa kikubwa cha alizeti, ukiihesabu kwa mzunguko wa upande mmoja, aghalabu hutoa 55, na kwa upande wa pili 89.

Mwaka 1644 Mersenne alitoa orodha ya vipeo ambavyo aliamini vinazaa namba tasa, hadi 257, na orodha hiyo ilikuwa na makosa matano: alitia 67 na 257 ambazo hazimo, akaacha 61, 89 na 107 ambazo zimo. Wala sioni haya juu yake, kwani hapana aliyekuwa na njia ya kuyakinisha. Njia ilikuja na Édouard Lucas, Mfaransa, mwaka 1876, ikanyooshwa na Mmarekani D. H. Lehmer katika miaka ya 1930. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, uondoe 2, ukaigawanye kwa namba unayoipima na ubakize baki. Rudia hivyo mara pungufu ya kipeo kwa 2. Ukiishia kwenye 0, namba ni tasa, na usipoishia kwenye 0, si tasa. Tujaribu 31, ambayo kipeo chake ni 5, kwa hiyo hatua ni 3: kutoka 4 twapata 14, kutoka 14 twapata 194, ambayo ikigawanywa kwa 31 hubakiza 8, kutoka 8 twapata 62, ambayo ni 31 mara mbili, haibakizi kitu. Lucas alithibitisha hivyo kwamba 2¹²⁷ − 1, yenye tarakimu 39, ni tasa, na kwa miaka 75, hadi 1951, hakutokea mtu aliyeonyesha namba tasa iliyo kubwa kuliko hiyo.

Lucas huyo huyo alionyesha kwamba 2⁶⁷ − 1 si tasa. Lakini vigawo vyake hakuvijua, wala njia yake haikumpa dalili yoyote ya kuvijua. Ilisema tu kwamba vipo. Dunia ikakaa miaka 27 ikiwa na yakini kamili kwamba namba 147,573,952,589,676,412,927 inagawanyika, na bila ya mtu hata mmoja kujua inagawanyika kwa namba zipi, mpaka Oktoba 1903, Frank Nelson Cole aliposimama mbele ya mkutano wa wanahesabu wa Marekani na, kama inavyosimuliwa, bila ya kutamka neno akazidisha ubaoni 193,707,721 kwa 761,838,257,287, jawabu likawa ndilo hilo. Kuvitafuta vigawo hivyo kulimchukua, kwa kauli inayonasibishwa kwake, Jumapili za miaka mitatu. Kuvizidisha kulimchukua dakika chache za ubaoni. Kwa maoni yangu hapana kisa katika ilimu ya namba kinachoonyesha bayana zaidi kuliko hiki kwamba kujua hali ya kitu na kuvijua viungo vyake ni elimu mbili tofauti, na ya kwanza yaweza kupatikana bila ya pili.

Tangu 1996, George Woltman alipoanzisha kazi ya pamoja ambayo watu wa kujitolea wa nchi nyingi huitolea kompyuta zao, rekodi zimekuwa zikivunjwa kwa njia ya Lucas na Lehmer au jamaa yake. Iliyopo sasa ilithibitishwa tarehe 12 Oktoba 2024 na Luke Durant, Mmarekani aliyekodi mashine katika nchi 17, nayo ni 2¹³⁶²⁷⁹⁸⁴¹ − 1, namba ya Mersenne tasa ya 52 kati ya zinazojulikana. Ina tarakimu 41,024,320. Ikiandikwa katika mstari mmoja, kila tarakimu ikipewa nafasi ya milimita tatu, mstari utakuwa na urefu wa kilomita 123, ambao ni takriban safari ya kutoka Manyoni hadi mjini Singida; na mwenye kuisoma kwa sauti tarakimu moja kila sekunde, bila ya kulala wala kula, ataimaliza baada ya siku 475. Pamoja na ukubwa huo, mambo mengi juu yake yaweza kujulikana na mtu aliyeketi chini ya mti na kipande cha karatasi. Tarakimu yake ya mwisho ni 1, kwa sababu 2 ikipandishwa hatua kwa hatua huishia kwa 2, 4, 8, 6 kwa zamu, na kipeo cha namba hii, 136,279,841, kikigawanywa kwa 4 hubakiza 1, basi 2 iliyopandishwa hivyo huishia kwa 2, na ukiondoa moja inabaki 1. Katika hesabu ya kompyuta, ambayo ina 0 na 1 tu, namba hii huandikwa kwa 1 pekee zilizopangwa 136,279,841 bila ya 0 hata moja katikati, na mpangilio huo ndio unaoifanya mashine iweze kuigawanyia namba nyingine kwa kusogeza na kujumlisha tu. Fauka ya hayo, kwa kanuni ya Euclid, ukiizidisha kwa kipeo cha 2 kilicho chini yake kwa hatua moja unapata namba kamilifu, yaani yenye kulingana na jumla ya vigawo vyake vyote vilivyo vidogo kuliko yenyewe, ukoo mmoja na 6, 28 na 496. Lakini ukiichukua namba jirani ya ukubwa huo huo isiyo na umbo lolote, basi hata ikiwa ni tasa, hapana leo mtu wala mashine duniani itakayoweza kulithibitisha hilo kwa yakini.

Huuliza watu, na ni haki yao: ina faida gani? Jibu la kweli ni kwamba hiyo ya Durant, kwa amali, haina, na namba tasa zenye kazi ni ndogo kuliko hiyo kwa mbali sana, tena ni za namna mbili. Mfanyabiashara wa vitunguu wa Singida anapompelekea mwenziwe wa Dar es Salaam bei ya gunia kwa WhatsApp, ujumbe huo hufungwa kwa hesabu zinazofanyika juu ya namba tasa 2²⁵⁵ − 19, yenye tarakimu 77, ambayo si siri, imechapishwa na kila mtu anaijua, na iliteuliwa kwa sababu ya umbo lake, kwa kuwa iko pembeni kabisa mwa kipeo cha 2 na mashine huihesabia upesi. Namna ya pili ndiyo ile ya Rivest, Shamir na Adleman ya mwaka 1977, inayotumika katika vyeti vya tovuti nyingi za benki na za serikali: mashine huchagua namba tasa mbili za tarakimu 309 hivi, zisizo na umbo wala jina, huzizidisha, hutangaza jawabu na kuzificha mbili zenyewe. Kuzipata ni rahisi, kwani moja katika kila 711 ni tasa na alama za namna ya Fermat, zilizoimarishwa, huzitambua upesi. Kuzirudisha kutoka katika jawabu ni ile kazi ya Cole, na kubwa kuliko zote katika mashindano ya kuvunja namba za namna hiyo, yenye tarakimu 250, iliyovunjwa mwaka 2020, ilikula kazi ambayo kiini kimoja cha kompyuta kingeifanya kwa takriban miaka 2,700. Hapa umashuhuri ni aibu: namba tasa ambayo gazeti limeitangaza haifai kuficha kitu. Wala yakini hii si ya milele, kwa kuwa Peter Shor alionyesha mwaka 1994 kwamba kompyuta za namna nyingine kabisa, ambazo bado zinajengwa, zingeweza kuvunja jawabu hilo kwa wepesi.

Kwa hiyo simlaumu Durant, wala simsifu kupita kiasi. Mashine zake zilithibitisha ukweli mmoja ambao hapo kabla haukuwa mkononi mwa mtu, na zikaacha maswali makubwa pale pale yalipokuwa: hakuna aliyethibitisha kwamba namba tasa za Mersenne hazina mwisho, wala hakuna aliyeonyesha namba kamilifu iliyo witiri au kuthibitisha kwamba haiwezi kuwapo. Maswali hayo hayahitaji mashine zaidi. Yanahitaji mtu mwenye kufikiri, na mtu huyo aweza kuzaliwa Iramba ya Singida kama anavyoweza kuzaliwa Paris.

Ndiyo maana rai yangu kwa walimu wa hesabu wa Singida ni kwamba wasiishie kuwakaririsha watoto orodha ya namba tasa hadi 100. Wawape 8,191, ambayo ni 2¹³ − 1, na wawaache waipime kwa kalamu kwa njia ya Lucas na Lehmer, hatua 11: kutoka 4 watapita kwenye 14, 194, 4,870, 3,953, 5,970, 1,857, 36, 1,294 na 3,470 hadi 128, na katika hatua ya mwisho 128 ikizidishwa kwa yenyewe na kuondolewa 2 itatoa 16,382, ambayo ni 8,191 mara mbili kamili.